Korongo la Ol Njorowa na vijimji vyake

Sisi wa Nairobi tukisema tunaenda Naivasha, kwa kawaida ni hoteli, samaki na boti za ziwani. Mimi Jumamosi nilipanda matatu pale Nyamakima kwa ajili ya korongo.

Ol Njorowa limo ndani ya mbuga ya Hell's Gate, kilomita 90 hivi kutoka hapa. Mbuga ni ndogo, kilomita 68 tu za mraba, na unaruhusiwa kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia. Zamani sana Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa kuliko sasa. Maji yakafurika, yakatafuta njia ya kusini, yakakata majivu ya volkano yaliyogandamana. Ndiyo maana kuta ni laini. Nilipitisha kidole kwenye tabaka moja jeupe likamomonyoka kama biskuti, na ndani yake mlikuwa na kipande cha kioo cheusi cha volkano chenye makali ya wembe. Hatua chache mbele, maji ya moto yanachuruzika mwambani.

Kijana aliyetuongoza hakuhangaika na anga la juu yetu. Alikuwa kwenye simu, akiuliza kama vilimani kumenyesha. "Dada, hapa jua linaweza kuwaka na maji yakakukuta," akasema. Mafuriko ya ghafla yaliua vijana saba humo Aprili 2012, na Septemba 2019 yakaua tena. Kuna mahali unanyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Utakimbilia wapi?

Kilichonikaa zaidi, lakini, ni vijimji vya barabara ya kusini mwa ziwa: Karagita, Kamere, Kongoni. Jiografia ya shuleni ilitufundisha miamba ikawasahau wakazi. Karagita vyumba vimebanana, wapangaji wengi ni vibarua wa mashamba ya maua. Kwenye ramani mji umelala karibu kabisa na ziwa, ila niliona punda akivuta mkokoteni wa mitungi ya maji ya kuuza. Nilimuuliza mama wa mboga kwa nini wasiteke ziwani.

"Ziwa tunaliona tu, mwanangu. Ukitaka kulifikia, unakuta ua wa mtu."

Na nyuma yao kuna mabomba ya mvuke ya Olkaria, kunakozalishwa umeme tangu 1981. Nyaya zinapita juu kuja kwetu.

Kongoni sikufika. Jioni ilikuwa imeingia, na kondakta alishaanza kupandisha nauli.