Basi halikuja, nikaifuata reli iliyong'olewa

Basi la kwenda Ironbridge lilitakiwa kuondoka Telford, Uingereza, saa tatu asubuhi. Ratiba ilikuwa imebandikwa kituoni ndani ya kioo, na ndivyo ilivyosema. Ikafika saa nne, ikafika saa nne na nusu, rasharasha haikatiki, basi halionekani. Mama mmoja aliyekuja kungoja la upande mwingine akaniambia safari hiyo ilishafutwa, ratiba mpya iko kwenye simu, ile karatasi hakuna aliyekumbuka kuibandua. Dereva wa teksi akataka pauni 20 kwa mwendo usiofika kilomita kumi. Na usiku wa kuamkia hapo nilikuwa nimelipa pauni 70 kwa chumba ambacho kipasha joto chake kinazimwa saa nne usiku, kifungua kinywa unalipia kando. Sikuwa tayari kutoa noti nyingine. Nikaamua kutembea.

Ninasoma akiolojia, lakini si ile ambayo watu wa nyumbani huifikiria wakisikia neno hilo, mafuvu ya Olduvai na magofu ya Kilwa. Yangu ni ya karne za karibu. Waingereza huanza kuhesabu kipindi cha baada ya zama za kati kwenye karne ya 16, kisha linakuja tawi la viwanda: matanuri, migodi, mifereji, reli, nyumba za wafanyakazi. Ni fani changa. Mwaka 1955 Michael Rix aliandika makala akihimiza mabaki ya viwanda yaandikwe kabla hayajafutika, na hapo ndipo jina la fani likaanza kushika. Miaka michache baadaye, 1961 hadi 1962, lango kubwa la mawe la stesheni ya Euston, London, likabomolewa pamoja na kelele zote zilizopigwa. Wengi waliingia kwenye kazi hii kwa uchungu wa lango hilo.

Njia niliyoshika inaitwa Silkin Way. Leo ni ya waenda kwa miguu na baiskeli, inateremka hadi Coalport kwenye ukingo wa mto Severn. Sehemu yake kubwa ya kusini imelala juu ya tawi la reli lililofunguliwa mwaka 1861, na reli hiyo kwa kipande kirefu iliwekwa juu ya mfereji wa karne ya 18. Treni ya abiria iliacha kupita mwaka 1952, vyuma vikang'olewa baadaye. Vitabuni nilikuwa nimeyasoma haya. Lakini miguu inayajua kwa namna nyingine. Eneo lile ni la vilima na mabonde, ila njia haikupandishi wala haikushushi ghafla, kwa sababu treni haipendi mlima na mashua haiupandi kabisa. Kilima kilipokuja, walikikata. Bonde lilipokuja, walijaza udongo. Unatembea kwenye msitu, miti imesimama huku na huku kana kwamba imekuwepo siku zote, kisha unapita chini ya daraja la matofali ambalo kuta zake za ndani bado zina weusi wa moshi, na unaelewa kwamba msitu wote huu ni mdogo kwa umri kuliko moshi ule.

Mahali mfereji uliposhindwa kabisa ni pale Hay, juu ya Coalport. Mto uko mita 63 chini. Wakajenga mteremko wenye njia mbili za reli, mashua iliyobeba mzigo ikawa inashuka juu ya kigari na kwa uzito wake kuivuta nyingine ipande. Nilisimama chini yake muda mrefu. Uzito wa mzigo wenyewe ndio uliofanya sehemu kubwa ya kazi.

Mzee nilimkuta mtoni, chini kidogo ya hapo, ameinama kwenye matope, mbwa wake amekaa anamngoja. Nikamsalimia, nikamuuliza kama kwa kufuata ukingo nitafika Ironbridge.

"Utafika," akasema. "Lakini kwanza njoo uone hiki."

Akafungua kiganja. Kilikuwa kipande cheupe cha udongo uliochomwa, urefu kama wa kidole cha mwisho, kina tundu jembamba linalopita katikati toka upande hadi upande. Nilikijua: mrija wa kiko. Ng'ambo ya mto iko Broseley, mji uliotengeneza viko vya udongo kwa karne kadhaa, na vipande vyake vimetapakaa bonde zima. Nilipomwambia ndiyo masomo yangu, uso wake ukabadilika. Akakisuuza kile kipande majini, akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, akatoa kikebe cha bati kilichobonyea. Ndani mlikuwa na biti za kutobolea chuma, kila moja imezungushiwa utepe wenye namba.

Alianza na ya nne. Ikaingia, ikachezacheza. Akajaribu ya sita, ikagoma mdomoni. Akachukua ya tano akaisukuma taratibu huku akiuzungusha mrija, ikaingia ikatulia. "Kati ya 1710 na 1750," akasema, kama fundi anayesoma futi.

Njia hiyo aliibuni Mmarekani J. C. Harrington mwaka 1954, baada ya kupima mirija mingi iliyochimbuliwa Virginia. Mafundi walikuwa wakiviringisha udongo, wanapitisha waya katikati, wanaubana kwenye kalibu, kisha wanachoma. Kadiri miaka ilivyokwenda mirija ikarefuka na waya ukawa mwembamba zaidi. Tundu la mapema karne ya 17 lina upana wa sehemu nane au tisa za 64 za inchi. La mwishoni mwa karne ya 18 lina nne. Na kikombe cha kiko nacho kilikua, maana tumbaku ilizidi kuwa rahisi. Kiko kilikuwa cha bei ndogo, kikivunjika kinatupwa, kwa hiyo kinapookotwa kwenye tabaka la udongo kinakutajia tarehe ya karibu sana. Mzee mwenyewe alinikumbusha kwamba mrija mmoja si ushahidi wa kitu. Inatakiwa mirija mingi, na itoke kwenye udongo ambao haujavurugwa, si matope ya mto. Kisha akakirudisha kipande pale pale alipokiokota.

Tukatembea pamoja hadi kwenye daraja la Ironbridge. Alikuwa amefanya kazi ya kusubu chuma, yaani kukiyeyusha na kukimimina kwenye kalibu, tangu ujana, hapo hapo Coalbrookdale, mahali ambapo kiwanda cha mwisho cha kazi hiyo kilifungwa mwaka 2017. Kumbe nilikuwa nimepata mwalimu ambaye ada ya chuo isingenipa. Daraja la Chuma limeandikwa kila mahali: Thomas Pritchard alilichora akafa mwaka 1777, Abraham Darby wa Tatu akalisubu, likasimama mwaka 1779 na kufunguliwa siku ya kwanza ya 1781, upana wa tao lake mita 30 na ushee juu ya maji, chuma tani zipatazo 378. Watalii walikuwa wanapiga picha na kuondoka. Mzee akanishusha chini ya tao, akanionyesha kwa ncha ya fimbo viungo vyake. Ulimi unaingia kwenye tundu, kabari inakaza. Ni useremala mtupu. Hakuna aliyewahi kujenga kitu kama hicho kwa chuma, kwa hiyo waliunganisha kwa ujuzi waliokuwa nao, ule wa mbao.

"Sasa tazama hizi mbili," akasema. Mbavu mbili zinazoonekana pacha. Si pacha. Upimaji uliofanywa baadaye umeonyesha kwamba vipande vingi vinatofautiana kwa sentimita kadhaa, kila kimoja kimesubiwa kwa nafasi yake. Yeye hakuhitaji vipimo. Aliliona hilo kwenye uso wa chuma, mahali mchanga wa kalibu ulipoacha vishimo upande mmoja na ulaini upande mwingine, akanieleza chuma kilimiminwa kikiwa kimelala vipi. Nikapitisha kidole, nami nikavihisi.

Kwenye nyumba ya ushuru, upande wa kusini, bado kuna ubao wa nauli. Unasema hata askari aliye kazini na familia ya kifalme lazima walipe. Nikaufurahia ubao huo kuliko nilivyotarajia.

Siku iliyofuata niliyamaliza yaliyobaki peke yangu. Nitaje tanuri la Coalbrookdale tu. Mwaka 1709 Abraham Darby wa Kwanza aliyeyusha chuma hapo kwa makaa ya mawe yaliyookwa badala ya makaa ya miti. Shabaha yake ilikuwa sufuria. Miaka miwili kabla alikuwa amepata hataza ya kusubu vyungu vya chuma kwenye mchanga, vyembamba na vya bei nafuu, na chuma cha tanuri lile kilimfaa kwa kazi hiyo. Baadaye tanuri lilifukiwa na likasahauliwa mpaka lilipofukuliwa mwaka 1959. Leo limejengewa paa lake lenyewe. Jiwe limeungua, limepasuka, limekuwa la rangi ya ini. Nyumba nzima imejengwa kulinda mahali palipopikwa chuma cha sufuria!

Siku ile ya darajani, kabla hatujaagana, mzee aliniuliza kwetu Tanzania viwanda vya zamani anaviandika nani. Nilimjibu ukweli. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo na vitu vya kabla ya 1863. Cha baada ya hapo kinangoja kitangazwe. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, miche 62 tu ikafika hai, na reli ya kutoka Tanga ikaanza kujengwa mwaka huo huo. Maana yake ni kwamba korona zote, zile mashine za kukamua majani ya mkonge kutoa nyuzi, reli ndogo za toroli, kambi za manamba, mabwawa ya kuoshea nyuzi, vyote viko upande usiolindwa wa mstari. Wa chuma chakavu hawahitaji kuvunja sheria yoyote ya mambo ya kale. Wanahitaji mtungi wa gesi na lori.

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama waliofanya kazi kwenye mashine hizo bado wapo. Nikasema wapo, wazee. Akaniambia nianze na hao, chuma kinaweza kungoja zaidi kuliko wao. Likizo ijayo nakwenda Tanga na daftari, futi ya mkanda na kamera. Nataka kujua kila sehemu ya korona waliiitaje, kelele yake ilibadilika vipi ikikaribia kukwama, nani alisimama upande wa kulishia na alilipwaje, na ni vidole vya nani vilibaki mle ndani.