Mto haukunipoza hasira

Kila niliyemweleza habari za hasira zangu alinipa ushauri uleule: usiziweke moyoni, zitoe, kapige mto wa kulalia utapoa. Ushauri huu unaniudhi mpaka leo, maana niliufuata kwa moyo wote. Ndugu yangu mmoja alikuwa amenikejeli mbele za watu. Nikajifungia chumbani, nikaukung'uta mto mpaka mabega yakauma. Kila pigo lilikuja na kumbukumbu yake: ile kejeli, kile kicheko, halafu na mambo ya zamani niliyokwisha kuyasahau. Nilipotoka nilikuwa natetemeka, hotuba nzima iko ulimini. Nikampigia simu nikamwaga yote. Tulinuniana muda mrefu.

Baadaye nilisoma kwamba mwanasaikolojia wa Marekani, Brad Bushman, alilipima jambo hili hili na kulichapisha mwaka 2002. Wanafunzi 600 wa chuo kikuu walikashifiwa insha zao. Wengine wakapewa gunia la ndondi walipige huku wakimfikiria aliyewakashifu, wengine wakakaa tu bila kufanya lolote. Waliopiga wakimfikiria ndio waliobaki na hasira zaidi, tena walipopata nafasi ya kumwadhibu kwa kelele masikioni, walimwadhibu vikali kuliko waliokaa bure!

Na wale wanaosema "meza tu" nao wasijipongeze. Mwanasaikolojia mwingine, James Gross, alionyesha mwaka 1998 kwamba walioficha hisia usoni walipotazama filamu ya kuchukiza waliendelea kuchukizwa vilevile, na miili yao ikahangaika zaidi.

Kilichonifaa ni mbinu aliyoichunguza mwanasaikolojia Ethan Kross na wenzake: kujisemesha kimoyomoyo kwa jina lako, kana kwamba unamsemesha mtu mwingine. Siulizi "kwa nini nimekasirika?" Nalitaja jina langu, kisha: "Mbona amekasirika? Anataka nini hasa?" Ajabu ni kwamba jibu huja fupi. Kwa ndugu yangu lilikuwa moja: nataka heshima. Hilo nikaweza kumwambia kwa sauti ya kawaida, naye akasikia. Kosa lilibaki kosa. Sikulazimika kujifanya halikuniuma.

Ila hasira ikiwa bado ya moto, hata jina halisaidii. Hapo naanza na mwili. Mwaka 2024 mtafiti Sophie Kjærvik na yuleyule Bushman walijumlisha tafiti 154, wakakuta kinachopoza ni kutuliza mwili, kama kuvuta pumzi polepole, wala si kuutimua mbio. Kwa hiyo nakaa, napumua, simu naiweka mbali, ndipo najiita.