Bamvua la Mfungo Pili

Februari 1999 tuliingia Bandari ya Kale ya Mombasa mabaharia wetu wakiwa hoi. Tangu Kilifi walikuwa wakipokezana kufua maji, kuyatoa chomboni. Mashua tulikuwa tumeinunua Lamu, nusu kwa akiba ya mume wangu na nusu kwa bangili zangu za arusi, tukiipeleka kwao Wete, Pemba, ifanye kazi ya kubeba mizigo. Ilikuwa imekaa juani pwani muda mrefu kabla hatujaipata, mbao zikakauka zikaachana. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ilipoanza kuisukasuka, maji yakawa yanapenya kila mshono wa ubavu wa kulia. Juu ya hayo, foromali, mti unaobeba tanga, ilikuwa imepata ufa pale inapofungwa henza, kamba ya kuipandishia.

Mume wangu alimtafuta fundi kabla hata ya kunywa chai. Alirudi na mzee mmoja mwembamba, amebeba kikapu cha patasi na nyundo. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akazunguka chombo kizima bila neno. Alikuwa akipitisha kucha kwenye mishono, mmoja baada ya mwingine. Mwisho akasema, "Nahodha, una bamvua hili tu. Likikupita, ungoje la mwezi mpevu."

Mwezi wa Mfungo Pili, wa pili baada ya Ramadhani, ndiyo kwanza umeandama. Siku za bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, Mombasa maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa saa nne, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Ndiyo nafasi ya kukipandisha chombo pwani kwa maji makubwa, kikabaki kikavu, kikafanyiwa kazi hadi maji yarudi. Lakini kila siku inayopita maji hujaa pungufu ya jana. Ukichelewa, chombo kinabaki mchangani hadi bamvua jingine. Sisi tusingeweza kungoja. Kaskazi huanza kulegea Machi, yanafuata maleleji, upepo usiotulia, na kusi, upepo wa kutoka kusini, ikishashika na mvua za masika, kutoka Mombasa kwenda Pemba kwa tanga ni kupigana na upepo usoni.

Alfajiri iliyofuata tukakipandisha kwenye ufukwe wa ng'ambo, upande wa bara, tukakiegemeza kwa magadi ya mikoko. Farumi yote, mawe ya kukituliza chombo, ikatolewa, jiwe kwa jiwe. Kisha mabaharia wakawasha makuti makavu, wakayapitisha chini ya chombo kuua wadudu watoboao mbao na kukausha unyevu. Moto uliramba mbao, nami moyo ulikuwa mkononi, maana bangili zangu zilikuwa pale. Fundi alikuwa akiwaelekeza kwa kidole tu, hapa, sasa pale, na hakuna ubao hata mmoja ulioungua.

Kalafati, kazi ya kuziba mishono, ndiyo iliyonikalisha pale nikitazama wakati nilikuwa na kazi zangu. Alisokota pamba nyembamba kama utambi, akaichovya mafuta ya nazi, akaishindilia mshononi kwa patasi butu. Alikuwa akifanya kazi kwa sikio. Pamba ikiwa bado haijakaa, nyundo ilitoa sauti nzito, iliyofifia. Ikishika, mlio uligeuka mkavu, naye alisogea upana wa vidole vitatu, akaanza upya. Mahali pawili alisimama, akaing'oa pamba yote aliyokwisha kuitia, akarudia. Hakuna aliyemwambia. Nimeona mafundi wengi tangu wakati ule na bado nampima kila mmoja kwa mzee yule.

Mume wangu siku hizo sikumwona mchana. Alikuwa forodhani na uhamiaji akihangaikia karatasi za kuvuka mpaka, na akitoka huko anatafuta mti wa foromali. Masurufu yakawa juu yangu.

Wapo walioniuliza kwa nini ninunue chakula kingi hivyo kwa safari ya usiku mmoja. Ni usiku mmoja upepo ukiwa nawe. Ukikata njiani, mkondo wa bahari yetu unakwenda kaskazini, unakurudisha ulikotoka huku tanga limelala. Nimezaliwa Lamu, nimewajua watu waliotoka kwa siku moja wakaonekana baada ya wiki. Kwa hiyo nikavuka Daraja la Nyali mara kwa mara. Kongowea nilinunua vitunguu, nazi na ndimu, nikizichagua zenye ganda gumu zisioze. Marikiti nikachukua bizari, iliki na tangawizi kavu. Mchele, unga, tende, sukari, majani ya chai, gunia la makaa. Viberiti nilivitia chupani nikafunga kizibo kwa nta. Maji ndiyo yaliyonitesa: bomba lilikuwa kavu mtaa mzima, ikabidi ninunue ya mkokoteni, madumu ya lita 20, na kila dumu niliyaonja kwanza, maana ya visima vya Mombasa mengine yana chumvi.

Nilirundika vyote chini ya mkungu, karibu na chombo. Mume wangu alipofika akataka tupakie pale pale, chombo kingali mchangani, kuliko kubebana na magunia ndani ya maji. Fundi akasimamisha kazi. "Mtoe fikira hiyo, nahodha. Jana maji yameishia hapa," akaonyesha mstari wa majani ya bahari chini kidogo ya shikio la usukani. "Leo hayafiki. Kikiwa chepesi kitainuka. Kikiwa na magunia, hakitoki." Mimi nikaunga mkono, na mchele ukabaki chini ya mti.

Walimalizia kwa kupaka chokaa na shahamu chini, kwa viganja, na sifa, mafuta ya papa, juu, harufu ikatujaa nguoni. Jioni hiyo maji yalipanda polepole. Saa kumi na moja ikapita, chombo hakijatikisika. Watu wa pwani wakaja kusukuma bila kuitwa, mabega yamegusana, mmoja akianzisha na wengine wakiitikia. Kikaguna, kikalala upande, kikaelea.

Niliruka ndani na taa ya kandili kabla ya mtu yeyote. Ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, palikuwa na maji kidogo, ya kutosha kuloanisha kiganja. Fundi akaniambia ningoje, mbao zinywe, zivimbe. Asubuhi palikuwa pamekauka.

Tukarudisha farumi, tukapakia, tukapandisha foromali mpya. Alasiri tukapita Ras Serani, penye mlango wa bandari, kaskazi ikiwa ubavuni, na asubuhi tukakiona kisiwa cha Fundo, karibu na Wete. Ndimu nyingi zilibaki. Mama mkwe alizitia achari.

Mashua ile ilibeba mizigo kati ya Wete na Tanga miaka mingi. Kila mwaka tuliitia kalafati upya mahali hapa na pale, lakini mishono ya ubavu wa kulia ilikaa muda mrefu kabla ya kuhitaji mkono wa fundi mwingine.