Varikosili (mishipa ya kende iliyovimba), mbegu hafifu na mimi fundi welding: nilivyopita hapo

Kuna kitu wanaume wengi tunachanganya na mimi nilikaa nacho kichwani kama kila mtu, kwamba kama mambo ya chumbani yapo sawa basi na kuzalisha kupo sawa. Hapana bwana. Kusimamisha ni idara nyingine na mbegu ni idara nyingine kabisa. Mimi upande wa kwanza sikuwahi kuwa na shida hata siku moja, ndo maana miaka ile yote ya kusubiri mtoto hakuna mtu nyumbani aliyeniangalia mimi, wote walikuwa wanamwangalia shemeji yenu.

Na yeye alipima kila kitu, maskini. Homoni, ultrasaundi, mpaka ile picha ya mirija wanayokuwekea dawa halafu wanakupiga eksirei, ambayo anasema maumivu yake hataki hata kuyakumbuka. Vyote safi. Huku shangazi yangu kila akija Dar anakuja na chupa za mizizi za kumsafisha kizazi, na anazileta kwa upendo kabisa huwezi hata kugomba. Sasa dokta wa akina mama ndo akakata mzizi wa fitina, akamwambia, "Dada, sikuandikii dawa nyingine mpaka shemeji alete majibu yake." Mke wangu akaniletea ule ujumbe na kikaratasi, akakiweka mezani, akaenda jikoni.

Kipimo chenyewe ni rahisi kuliko watu wanavyokiogopa. Unakaa bila tendo kuanzia siku 2 mpaka 7, usizidishe ukidhani unajaza tanki, maana ukikaa sana mbegu zinazeeka humo humo. Unatoa kwenye kichupa cha maabara bila kondomu wala mafuta, na kama umetolea nyumbani ifike ndani ya saa moja, ibebe mfuko wa ndani karibu na mwili isipigwe jua wala isipate baridi. Aibu ipo, sidanganyi, yule binti wa mapokezi anakuuliza jina kwa sauti kama anaita abiria wa Mbagala, ila inaisha.

Majibu yakaja: mbegu milioni 6 kwa mililita, zinazotembea asilimia 22, zenye umbo zuri asilimia 2. Kwa kipimo cha WHO, Shirika la Afya Duniani, cha 2021 mpaka wa chini ni milioni 16 kwa mililita, zinazotembea asilimia 42 na umbo asilimia 4. Ule mpaka hausemi ukiwa chini yake huzalishi kabisa, ni kwamba wanaume waliotungisha mimba ndani ya mwaka wengi wao walikuwa juu ya hapo. Nikarudia baada ya wiki kadhaa kwa sababu kipimo kimoja hakitoshi, hata malaria kali ya miezi miwili nyuma inaweza ikakuangusha majibu. Ya pili yakawa yale yale tu karibu.

Nikatumwa kwa daktari bingwa wa mfumo wa mkojo, mzee mmoja mtulivu, akaniambia simama, vua, vuta pumzi ujikaze kama unasukuma choo. Akapapasa upande wa kushoto akasema hii hapa. Nami nikapapasa, kweli, mishipa imejikunja imekusanyika juu ya kende, ukilala inapotea ukisimama inarudi. Ile hali ya uzito ya jioni baada ya kazi, ambayo mtaani wangeniambia ni ngiri, kumbe ndo hiyo. Wanaiita varikosili. Siyo ngiri, siyo busha. Na siyo kitu cha ajabu, wanaume kama 15 katika kila 100 wanayo na wengi wao wanazaa vizuri tu, ila ukienda kwa wanaume wanaohangaika kupata mtoto wa kwanza unaikuta kwa zaidi ya theluthi yao.

Kwa nini kushoto? Akachora. Mshipa wa kushoto unaorudisha damu kutoka kwenye kende unapanda mrefu unaenda kuingia kwenye mshipa wa figo kwa kona ya mraba, wa kulia unaingia kiulaini kwenye mshipa mkubwa. Humo ndani kuna vilango vya kuzuia damu isirudi chini, vikilegea damu inashuka inatuama. Damu ikituama kuna joto, na kende limening'inizwa nje kwa sababu linataka ubaridi, nyuzi 2 mpaka 4 chini ya joto la mwili. Hewa safi pale inapungua, taka zinakaa, na hapo ndo kinaanza hicho wanachoita oksidativu stresi.

Nikamwambia dokta mimi ni fundi wa mageti na grili, hebu nieleze kwa lugha yangu. Akacheka, akasema basi ni kutu. Hewa ile ile ya oksijeni inayokusaidia kuwasha mtungi ndo inayokula chuma kikiachwa kwenye unyevu. Mwilini nako oksijeni ikitumika inatoa chembe kali zinazotafuta cha kung'ata, radikali huru, na kawaida mwili una vitu vya kuzituliza. Sasa mbegu ni kiumbe maskini, ngozi yake imejaa yale mafuta laini yanayooza haraka yakigusana na hizo chembe, na mwili wake hauna nafasi ya kubeba akiba ya vitulizo kama seli zingine. Zikizidi, ngozi inaharibika mkia unachoka, ndo ile asilimia 22, na zikiingia mpaka kichwani zinakatakata DNA, yaani mzigo wa urithi ambao mbegu inabeba. Hiyo ya DNA ndo ilinishtua kwa sababu haionekani kwenye kipimo cha kawaida, mbegu inaweza ikawa inatembea vizuri lakini mzigo iliobeba umepasuka, yai halirutubiki au mimba inaingia inatoka.

Akaongeza kitu kimoja nilikuwa sikijui, kwamba hizo chembe siyo za kumaliza kabisa. Kidogo yake mbegu inaihitaji ili ikomae na iweze kupenya yai. Kwa hiyo mtu anayekunywa chupa tatu tofauti za antioksidanti, ndo vile vitulizo, kwa pamoja akidhani anajisafisha anaweza akawa anaharibu upande wa pili.

Sasa hapa ndo penye hela, na hapa ndo nataka msome taratibu. Nilivyotoka pale washkaji wakaanza kuniletea mizigo. Mmoja mkuyati, mwingine eti vumbi la Kongo, nikamwambia ndugu yangu hilo ni la idara ile nyingine, mimi sina shida huko. Mwingine anauza vidonge vya nje kwenye kopo zuri, zinki, seleniamu, vitamini C na E, foliki, karnitini, bei ya kopo la mwezi ni sawa na faida yangu ya geti moja dogo, na anakwambia ukipiga dozi ya miezi sita unapata mapacha. Mimi nikarudi na picha ya lile kopo kwa dokta.

Hakunikataza. Alinionesha tu kwamba Marekani walifanya majaribio mawili, yote majibu yake yalitoka 2020. Moja waliwapa wanaume mchanganyiko kama ule wa kwenye kopo na wengine vidonge visivyo na kitu, baada ya miezi mitatu mbegu hazikuwa bora na DNA vilevile. Lingine kubwa, wanandoa zaidi ya 2,300, waume wakapewa foliki na zinki kwa miezi sita, watoto waliozaliwa wakawa sawa tu pande zote mbili, na DNA za waliokunywa ndo zilikutwa zimekatika zaidi kidogo. Akasema wapo madaktari wanaoandika antioksidanti kwa wenye varikosili na siwalaumu, wale wa kwenye majaribio hawakuwa wenye varikosili peke yao, lakini wewe unajua kutu, ukipaka rangi juu bomba likiendelea kuvuja umefanya nini? Kwangu hapo mjadala uliisha. Hela ya makopo nikaanza kuiweka pembeni kwa ajili ya kuziba bomba, yaani upasuaji.

Akanionya pia kuhusu sindano za testosteroni za jimu. Ukijidunga homoni kutoka nje, ubongo unaona zipo za kutosha unazima kiwanda, mbegu zinaweza kushuka mpaka sifuri kabisa. Kuna watu wanatafuta mtoto huku wanajidunga, wallahi.

Siyo kila varikosili inakatwa. Alivyonieleza, inafaa kama inapapasika kwa mkono, majibu ya mbegu ni mabaya, na mnatafuta mtoto na mke yupo sawa. Ile ndogo inayoonekana kwenye ultrasaundi tu, kuikata hakusaidii. Mimi nilikuwa nazo sifa zote. Nikamuuliza maswali ambayo naona kila mtu aulize: upasuaji huu unaufanya mara kwa mara? Unatumia hadubini au miwani ya kukuza? Maana kazi yenyewe ni kufunga ile mishipa ya damu inayorudi bila kugusa mshipa unaopeleka damu kwenye kende wala ile ya maji maji, wakifunga ya maji unapata busha, wakigusa ule wa kupeleka damu kende linaweza kusinyaa, na wakiacha mmoja mbovu tatizo linarudi. Kukuza ndo kunapunguza hayo. Yeye alikuwa na ile miwani yenye lenzi.

Upasuaji wenyewe ni ganzi ya mgongo, kidonda kifupi karibu na kinena, siku inayofuata nipo nyumbani nimelala na chupa ya maji baridi imezungushiwa taulo. Maumivu ya kawaida, ila uvimbe wa rangi ya zambarau unatisha kama hujaambiwa, uliza mapema. Vyuma vizito nikawaachia vijana wa karakana, na hapo hela ilinibana kuliko upasuaji, maana fundi asipochomea halipwi.

Kilichobaki ni subira na ndicho kigumu. Mbegu moja kutengenezwa inachukua kama siku 74, halafu ina safari ya kukomaa, hivyo ukipima kabla ya miezi mitatu unapima mali ya zamani. Sigara niliacha, nayo ni kiwanda cha hizo chembe. Na kazini nilikuwa na tabia ya kukaa kwenye kigoda kifupi chuma cha moto kipo katikati ya mapaja, ovaroli nzito, mchana wa Dar, nikatengeneza meza ya kusimama. Nyumbani msuli tu. Chakula hicho hicho cha siku zote, mchicha, dagaa, maembe yakiwepo.

Kipimo cha miezi mitatu: milioni 14, zinazotembea asilimia 35. Cha miezi sita: milioni 23, asilimia 44. Umbo lilipanda kidogo tu, 3, dokta akasema hilo lisikunyime usingizi. Akanieleza wazi kwamba wengi wanapanda hivi lakini siyo wote, na kupanda kwenye karatasi siyo ahadi ya mimba. Yetu iliingia kabla ya mwaka wa upasuaji kuisha, na binti sasa anatambaa anakula vumbi la karakana. Shangazi anaamini ni zile chupa zake, tumemwachia.

Mdogo wangu wa tumbo moja naye anayo kushoto, aligundua baada ya mimi kumwambia ajipapase bafuni amesimama. Akataka akatwe wiki hiyo hiyo. Amepima, mbegu zake ziko juu ya mpaka, haumwi, hajaoa, hivyo dokta kamrudisha nyumbani akasema apime tena baada ya mwaka mmoja au miwili. Ananipigia simu kila akijisikia uzito, namwambia vaa chupi ya kubana vizuri siku ya mpira na upunguze zile sigara.