Daftari la Getini Machame

Juzi mtoto wa kaka yangu kanitumia picha ya barua ya kazi kutoka Arusha. "Shangazi shikamoo, wanataka nisaini Ijumaa, naomba uipitie." Nimeipitia. Nilipofika pale wanaposema michango ya NSSF itaanza kupelekwa baada ya miezi sita ya majaribio, niliweka simu chini nikaenda kusimama mlangoni.

Mstari ule ule ulikuwa kwenye barua yangu, Februari 2019.

Ule mwaka mnaujua, shule ilikuwa imetupunguza na ada ya Neema haijalipwa. Kampuni moja ya kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro, hapa hapa Moshi, ilikuwa inatafuta mhasibu. Mshahara mzuri, ofisi safi, dirisha linatazama Kibo. Mkurugenzi aliniita "mwanangu" akanipa siku tatu za kufikiri.

Ya mezani niliyafanya yote. Nikatafuta jina BRELA, kwa wanaosajili kampuni, lipo. Leseni ya utalii nilishaiona ukutani. Ule mstari wa NSSF ulinikera, maana sheria haimsubiri mtu amalize majaribio, lakini mwenye shida hujisemea yatarekebishwa humo humo. Usiku nikaingia mtandaoni kusoma wageni wanasemaje. Sifa tupu: wapishi, nyimbo, machweo ya Shira. Hakuna aliyegusia malipo ya waliombebea mzigo, na angejuaje? Mgeni akishuka anapewa cheti chake, kesho yuko KIA anapanda ndege.

Mama ndiye aliyenifungua macho, anamenya ndizi za mtori. "Umewauliza wanaobebewa," akasema. "Nenda kawaulize wanaobeba."

Asubuhi nikapanda Hiace ya Machame, mwisho wa njia ya daladala nikachukua bodaboda hadi getini, pale wanapoanzia kupanda mlima. Manyunyu. Wagumu, ndio wapagazi wa mlimani, wamejaa nje ya uzio, wenye safari na wasio nayo. Kule ndani mizigo inapita kwenye mizani, mwisho kilo 20, na kila mmoja anaangalia mshale utakaposimama.

Kijana mmoja alikuwa amekaa juu ya jiwe anakula chapati kavu, kiatu kimoja amekifunga kwa kamba ya katani. Nikamsalimia, nikamtajia jina la kampuni. Hakujibu. Alimaliza chapati, akafuta vidole kwenye suruali kimoja kimoja, akaingiza mkono kifuani akatoa mfuko wa rambo. Ndani ya rambo kulikuwa na daftari la shule limekunjwa katikati.

Alikuwa amechora safu nne, mistari imenyooka. Tarehe, njia, siku, malipo. Machame, 7, nusu. Lemosho, 8, bado. Marangu, 6, bado. Hizo "bado" alizikoleza kwa kalamu mpaka karatasi ilitaka kutoboka. Nimeshika vitabu vya hesabu vya watu wengi, na sijaona vingi vilivyo safi kama kile. Tone la mvua likadondoka juu ya Lemosho. Alilifunika haraka kwa kiganja, kama mtu anayezuia mshumaa usizimike.

"Tukienda ofisini wanatuambia mhasibu hayupo," akasema. Kisha akanitazama vizuri, kuanzia viatu mpaka mkoba. "Kwani dada, wewe ndiye utakayekuwa unatulipa?"

Nikamwambia sijasaini bado.

"Saini basi. Labda ukiwepo wewe."

Sikusaini. Kesho yake nilipiga simu nikasingizia mambo ya familia. Nilikaa nyumbani miezi mitano mingine, kisha nikapata hapa nilipo. Machi 2020 wageni wakakatika, haikuchukua muda ofisi ile ikafungwa, na ndugu wakasema Mungu alinionyesha mapema. Nilishukuru, na bado nashukuru. Ila aliyenionyesha alikuwa na daftari lenye "bado" mbili, na mimi niliondoka na habari yake nikamwacha nalo palepale juu ya jiwe. Nilirudi getini mara moja baadaye, sikumkuta. Hata jina sikumuuliza.

Najua mhasibu peke yake halipi mtu, mwenye kampuni asiposaini hundi hakuna hela. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Lakini siku ambayo angekuja kudai, angenikuta mezani, na lile neno la "mhasibu hayupo" lisingesemeka.

Huyu mtoto nimemwandikia leo asubuhi: kabla ya Ijumaa nenda pale wanapooshea magari ya hiyo kampuni, kaa na madereva, uliza nani anadai na tangu lini. Akajibu papo hapo: "Sawa shangazi. Sasa wakisema wanadai, nikatae?"

Sijamjibu. Leo ni Jumatano.