Kuanzia Zaburi ya 44

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii sikulala vizuri, na kilichoninyima usingizi ni daftari. Kaka yangu alipofariki, miaka mitatu iliyopita, wifi alinikabidhi daftari lake dogo lenye majina ya wazee na wagonjwa wasioweza kufika ibadani. Kila Alhamisi jioni alikuwa akiwapitia, anawasomea Zaburi, anaomba nao. Nililipokea nikilia, nikalifungia kabatini. Jumatatu natafuta risiti ya umeme, nikakutana nalo.

Usiku ule nikamkumbuka Mary Sidney, niliyemsoma zamani nikiandaa somo la Zaburi kwa akina mama. Alizaliwa Uingereza mwaka 1561, ukoo wa wakubwa, akaolewa na Earl wa Pembroke akiwa na miaka 15. Jumba lao la Wilton lilikuwa kimbilio la washairi. Mmoja wao, Samuel Daniel, aliliita shule yake bora.

Mwaka 1586 ukampiga mara tatu. Mei baba, Agosti mama, Oktoba kaka yake Philip, aliyejeruhiwa vitani Uholanzi akafa akiwa na miaka 31. Philip alikuwa ameanza kuzigeuza Zaburi kuwa mashairi ya Kiingereza, akafika ya 43. Mnajua inavyoishia: “Nafsi yangu, kwa nini kuinama?” Kalamu yake ikanyamaza hapo.

Mary akaishika kuanzia ya 44 hadi ya 150. Zaburi 107, wapendwa! Na hakulipua kazi. Karibu kila moja aliitafutia umbo lake la beti na vina, akaandika, akafuta, akaandika tena. Mwaka 1599, miaka 13 baada ya msiba, nakala ya kumpelekea Malkia Elizabeth ilikuwa tayari. Katika shairi alilomtungia marehemu anasema sadaka za moyo wake zimeyeyuka zikawa wino. Kumbe hakungoja machozi yakauke ndipo aandike. Zaburi hizo zilipigwa chapa mwaka 1823 tu, karne mbili baada ya yeye mwenyewe kuzikwa. Kabla ya hapo watu walinakili kwa mkono.

Sasa niseme nasi. Msibani tuna maneno tunayoyapenda sana: “Pengo lake halitazibika.” Tunayasema kwenye kipaza sauti, tunakula, maturubai yanakunjwa, na pengo tunaliacha kweli. Mwalimu wa watoto akifa, watoto wanarusha mawe nje ya kanisa mwaka mzima. Mzee aliyekuwa akipatanisha wanandoa akiondoka, ndoa zinavunjika huku tukisimulia hekima yake. Tumefanya kumheshimu marehemu kuwa kichaka cha kujificha! Na mimi nimo humo kichakani. Nilijiambia sina sauti ya kaka, sina upole wake, wagonjwa wataona tofauti. Wataona, ndiyo. Kwani nani aliwaahidi kaka mwingine?

Israeli walimlilia Musa siku 30, na Mungu hakuwakataza. Kisha akamwambia Yoshua: “Musa mtumishi wangu amekufa; haya basi, ondoka, vuka mto huu wa Yordani.” Kifo cha Musa ndicho kilichokuwa sababu ya Yoshua kuondoka, na sisi tunakigeuza kuwa sababu ya kukaa. Wewe unayesoma hapa, unajua ni kazi ya nani imelala mikononi mwako. Usinitajie karama. Nitajie siku utakayoanza.

Juzi Alhamisi nilikwenda. Bibi wa jina la kwanza daftarini alishafariki, na mimi sikuwa hata na habari. Hilo nimelitubu na bado linanichoma. Wa pili alinifungulia mwenyewe, akanishika mkono akaniuliza kama nimekuja na miwani, maana kaka alikuwa akiisahau kila mara, mistari anaisema kwa kichwa. Nilikuwa nayo. Nikamsomea ya 44, taratibu, sauti ikinikatika.

Yamebaki majina sita. Alhamisi ijayo naanza saa kumi jioni kutokea kanisani. Anayeweza kutembea nami aje, na kama ana mkate au sabuni ya kuwapelekea, abebe.