Manowari Leopard, kutoka Unguja hadi Virginia

Nilianza kuifuatilia manowari hii ya Uingereza yenye mizinga 50, iliyoshushwa majini Sheerness mwaka 1790, kwa sababu mnamo Februari 1799 ilitia nanga Unguja. Ilikuwa katika kikosi cha John Blankett, aliyetumwa kulinda mlango wa Bahari ya Shamu ili Wafaransa waliokwisha kuivamia Misri wasipite kwenda India. Blankett alitaka kwenda kaskazini wakati wa kaskazi: akapiga bisho mwambao mzima, upepo na mkondo vikimrudisha nyuma, mpaka akalazimika kutafuta maji na chakula Unguja. Nahodha yeyote wa jahazi wa pwani hii angemshauri angoje kusi.

Hata hivyo, jina la Leopard halikuvuma kwa safari hiyo. Tarehe 22 Juni 1807, nje ya pwani ya Virginia, nahodha wake Salusbury Humphreys aliisimamisha Chesapeake, manowari ya Marekani, nchi ambayo Uingereza haikuwa na vita nayo, akidai kuipekua atafute mabaharia waliolitoroka jeshi la majini la Uingereza. Nahodha James Barron alikataa. Sitaha yake ilikuwa imejaa mizigo na mizinga haikuwa tayari, hivyo Leopard ilipofyatua watu 3 waliuawa na 18 wakajeruhiwa, na jibu la Chesapeake likawa risasi moja tu ya mzinga, iliyofyatuliwa na luteni William Allen kwa kaa la moto lililotolewa jikoni. Barron akashusha bendera, ishara ya kusalimu amri. Humphreys hakuitaka meli. Alichukua mabaharia 4, akaondoka.

Leopard yenyewe ilipanda mwamba kwenye kisiwa cha Anticosti, Kanada, tarehe 28 Juni 1814, ikiwa imebeba askari, nao wote waliokoka. Mimi lakini fikra zangu zimebaki kwa wale wanne, kwa kuwa jeshi lililokuwa likiwakamata watu kwa nguvu liwe na mabaharia halikuwa na haki, kwa maoni yangu, ya kuwaita wahalifu waliolikimbia. Jenkin Ratford, Mwingereza, alinyongwa Halifax, Kanada. William Ware, Mmarekani, alifia mikononi mwa Waingereza. Wamarekani wenzake, Daniel Martin na John Strachan, walirudishwa kwenye sitaha ile ile ya Chesapeake, bandarini Boston, Julai 1812, wakati Marekani ilikuwa imekwisha kutangaza vita dhidi ya Uingereza mwezi uliotangulia, na kutekwa kwa mabaharia kukiwa miongoni mwa malalamiko yake makubwa.